Bomba Chini ya Chumba cha Mwalimu

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Timazi, kwa ile kamba yenye kipande cha chuma ambayo mwashi huining'iniza kando ya ukuta kuona kama umesimama wima. Jina hilo lilimpata ujanani, kwa sababu alikuwa hawezi kupita penye ukuta wa mtu bila kufumba jicho moja na kuupima. Akiukuta umelala hata kidogo, basi siku nzima hana raha, utadhani umemwangukia yeye. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka, jina likabaki.

Mkewe aliitwa Mwalimu, na huyo kweli alikuwa mwalimu. Maisha yake yote alifundisha darasa la kwanza katika shule iliyo mwisho wa barabara yao, na nusu ya watu wazima wa mtaa ule alikuwa amewashika vidole akiwafundisha kuchora herufi. Hawakujaaliwa mtoto. Walikuwa wawili tu katika nyumba ambayo Timazi aliijenga kwa mikono yake, na walikuwa wamezoeana kiasi kwamba hata kugombana waligombana bila maneno. Mmoja anaguna, mwingine anashusha pumzi, ugomvi umekwisha, chai inaandaliwa.

Kisha Mwalimu akapatwa na kiharusi. Upande mmoja wa mwili ukapooza. Ulimi ulirudi, lakini ulirudi mzito, ikawa kila neno analipima kwanza kabla ya kulitoa. Timazi aliacha kazi za watu akawa muuguzi. Alimwogesha, alimlisha, alimbeba mgongoni kumpeleka bafuni na kumrudisha. Kitanda alikihamishia chumba cha nyuma, kile alichokiongeza miaka mingi baada ya nyumba kukamilika, kwa kuwa kilikuwa na dirisha pana lililotazama uchochoro, na uchochoro ule ndio uliokuwa njia ya watu kwenda kazini.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba. Umechelewa wewe."

Hata mtu mwenye mvi kichwani alisimama kujitetea: gari limeharibika, mke anaumwa, saa haikulia. Mwalimu alisikiliza kila udhuru mpaka mwisho, kisha akasema, "Haya, kimbia." Akishasema hivyo, uso wake ulikuwa unakunjuka siku nzima.

"Mimi nitafia humu," alimwambia mumewe siku moja, wakati anambadilishia shuka. "Usinipeleke kwa watu."

"Nikupeleke wapi mimi?"

"Sijui. Nakwambia tu."

Timazi akamwahidi. Ilikuwa ahadi nyepesi, maana hakuona kitu chochote duniani ambacho kingemtoa mkewe mle ndani.

Ubovu wenyewe ulianza kwa sauti. Ukimwaga maji kwenye sinki la jikoni, choo kilikuwa kinaguguma kama mtu anayesukutua koo. Timazi alikisikia, akajitia hasikii. Baadaye maji ya kuogea yakaanza kutuama, yanazama taratibu huku yakizunguka. Alimwaga maji ya moto. Alimwaga dawa ya kuzibulia. Alisukuma kwa kile kipira chenye mpini mpaka mabega yakamuuma. Maji yakapita siku moja, siku ya pili yakagoma. Halafu ikaja harufu, kwanza ya kuvizia, unainusa ukigeuka haipo, kisha ikahamia kabisa, ikawa kama mpangaji.

Asubuhi moja alimbeba Mwalimu mgongoni kama kawaida, akasukuma mlango wa bafuni kwa goti, akaingiza mguu. Maji meusi yalikuwa yamepanda kupitia tundu la kuogea, yamejaa sakafu nzima, na ndani yake kulikuwa na vitu ambavyo havifai kusimuliwa. Yalivuka kizingiti yakaanza kunyemelea zulia la ukumbini. Timazi alisimama pale, mke mgongoni, miguu mitupu ndani ya uchafu, hajui aende mbele au nyuma.

"Rudi," Mwalimu alimwambia sikioni, polepole. "Rudi, usije ukateleza."

Alimrudisha kitandani, akaosha miguu, akaketi jikoni kwa muda akitazama ukuta. Kisha akampigia simu Kobe.

Kobe alikuwa fundi bomba, rafiki yake tangu enzi za kufanya kazi pamoja kwenye majengo. Aliitwa hivyo kwa sababu hata akifukuzwa na mbwa asingeongeza mwendo. Alifika na mfuko wake wa vifaa na waya wake mnene wa kuzibulia, umeviringwa begani kama nyoka aliyechoka. Hakuuliza mengi. Alizunguka nyumba, akainama, akaomba sururu.

Chemba za kukagulia bomba la maji taka zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa nje ya ukuta wa bafuni. Kobe aliinua mfuniko wake, wakakuta imejaa mpaka juu, imetulia, inameremeta. Ya pili ilikuwa upande wa pili wa chumba cha nyuma, karibu na shimo la maji taka. Waliinua mfuniko. Ndani palikuwa pakavu, mende wanatembea kwa raha zao.

"Basi shimo halijajaa," alisema Kobe. "Huku kumejaa, kule kumekauka. Ugonjwa uko katikati."

Timazi aligeuka kutazama. Katikati palisimama chumba cha Mwalimu.

Kobe aliingiza waya kwenye chemba ya kwanza, akausukuma huku akiuzungusha. Ukaenda, ukaenda, ukagonga kitu. Aliuzungusha tena kwa nguvu, akauvuta. Ncha yake ilirudi na tope jekundu na kipande chembamba kilichokatika, cha rangi ya jivu. Kobe alilisugua tope lile kati ya vidole, bila kinyaa, kama mpishi anayepima unga.

"Ingekuwa uchafu, ningezibua tukaenda zetu," alisema. "Huu ni udongo. Udongo haukai ndani ya bomba zima. Bomba limevunjika, rafiki yangu."

"Wapi?"

"Tutaona sasa hivi."

Aliurudisha waya mpaka ulipogonga, akafunga kitambaa pale ulipogusa mdomo wa chemba, kisha akautoa wote na kuulaza juu ya ardhi, kitambaa kikiwa penye chemba, ncha ikielekea chumba cha nyuma. Ulifika ukutani ukabaki mwingine mrefu. Kobe aliweka alama ya tope kwenye waya pale ulipogusa ukuta, wakaingia ndani.

"Shikamoo, Mwalimu," Kobe alimwamkia kutoka mlangoni.

"Marahaba. Vua viatu."

Kobe akavua. Alipiga magoti penye kona, akaweka ile alama kwenye ukuta, akaunyoosha waya sakafuni. Ulipita chini ya kiti, ukapita chini ya meza ndogo ya dawa, ukaingia chini ya kitanda. Timazi alilala kifudifudi kuangalia unapoishia. Ncha ilikuwa katikati kabisa ya kitanda, chini ya kiuno cha mkewe.

"Mnatafuta nini chini yangu?" aliuliza Mwalimu.

"Bomba," alisema Timazi, shavu likiwa limelala kwenye saruji.

"Mmelipata?"

Kobe alikuwa anaviringa waya wake, macho chini. Timazi ndiye aliyejibu. "Tumelipata."

Kabla ya kuinuka aligonga sakafu kwa mpini wa nyundo. Kando ya ukuta ililia kizito, kama sakafu. Chini ya kitanda ililia kama debe tupu. Aligonga tena, mbele kidogo, nyuma kidogo. Debe tupu. Alijua maana yake, Kobe naye alijua. Maji yalikuwa yamevuja humo kwa muda mrefu na kuchukua udongo kidogo kidogo, na sasa sakafu, kitanda na mgonjwa vilikuwa vimebebwa na hewa.

Walipotoka nje Kobe alijaribu kuchangamsha mambo. "Ni mwendawazimu gani aliyejenga chumba juu ya bomba?"

"Mimi."

Kobe alijikuna kichwa. "Angalau ulikijenga wima."

Hakuna aliyecheka. Timazi alikuwa anakumbuka alivyojenga: Mwalimu alikuwa anataka chumba chenye jua, yeye alikuwa anataka kumfurahisha upesi, na kulizungusha bomba kungemaanisha kuchimba ua wote. Akasema litakaa. Kweli likakaa, mpaka lilipochoka.

Hapakuwa na njia nyingine, ilibidi mgonjwa ahamishwe. Shemeji yake Timazi, mdogo wake Mwalimu, alikuwa akiishi upande wa pili wa mji, katika jengo la ghorofa. Alikuja na teksi mchana ule ule, anahema, anapanga nguo za dadake kwenye begi huku akisema, "Utastarehe, dada, utaona. Kwangu maji yapo, choo kipo, watoto watakuchangamsha."

Mwalimu alimwacha aseme. Alikuwa anamtazama mumewe.

"Nikitoka hapa sirudi, Timazi."

"Utarudi. Siku chache tu."

"Sirudi."

"Nimekwambia utarudi!" Alijisikia amepandisha sauti, akaishusha. "Tutakata sakafu, tutabadilisha bomba, tutafunga. Mimi na Kobe. Ni kazi gani hiyo?"

Mwalimu alifikiri. "Haya," alisema mwishowe. "Ila usinidanganye."

Walimtoa amekaa kwenye kiti cha plastiki, Kobe mbele, Timazi nyuma. Majirani walikuwa wamesimama uchochoroni. Wakamwamkia mmoja mmoja, naye akawaitikia wote, hakumruka hata mmoja. Teksi ilipoondoka Timazi alirudi ndani moja kwa moja akachukua nyundo kubwa. Sakafu ile alikuwa ameisugua mwenyewe kwa mwiko, siku za ujenzi, mpaka ikang'aa kama sahani. Pigo la kwanza lilimwingia mpaka kwenye meno.

Chini yake hapakuwa na udongo wa maana. Palikuwa na pango, na ndani ya pango palikuwa na uji mwekundu unaonuka. Bomba lilikuwa la saruji, la zamani, vipande vifupi vilivyounganishwa. Viungo vilikuwa vimefunguka kimoja baada ya kingine, na katikati lilikuwa limezama na kukatika vipande viwili vilivyopishana kama watu wasiosalimiana. Kila maji yaliyotumika ndani ya nyumba ile, ya kufulia, ya kupikia, ya kumwogeshea Mwalimu, yalikuwa yanaishia hapo.

Mambo hayakuishia kwenye bomba. Kobe alinyoosha kidole kwenye kona, palipokuwa na ufa uliopanda kutoka chini hadi usawa wa dirisha. Timazi alipapasa ufa ule kwa kidole. Alikwenda kwenye sanduku lake la kazi, akatoa timazi, akaining'iniza. Kamba ilitulia. Juu ilikuwa imegusa ukuta, chini kulikuwa na nafasi ya kupitisha ngumi. Aliitazama kamba ile kwa muda mrefu, akifumba jicho moja, kisha akifumba la pili, kama vile jicho ndilo lenye makosa.

"Bomba hili tuliache," alisema Kobe kwa upole. "Tupitishe bomba jipya nje, tuzunguke chumba. Na humu tushindilie mawe na kokoto kabla ukuta haujaja chini. Siyo kazi ya siku chache, mwenzangu. Usijidanganye."

Wakaanza mtaro mpya uani. Wakachimba, wakapima mteremko, wakachimba tena. Kisha mvua ikanyesha. Haikuwa mvua ya kutisha, ni ile ya kunyesha bila haraka kutwa nzima, na ilipokwisha mtaro ulikuwa umejaa na kingo zake zimeporomoka. Wakachota tope kwa ndoo. Wakachimba upya. Ikanyesha tena. Timazi alikaa kwenye ukingo miguu ikining'inia, beleshi limelala mapajani, mikono haina nguvu hata ya kujipangusa uso. Kobe alimwambia inuka, akainuka. Alimwambia chimba, akachimba. Akili yake ilikuwa imezima kama taa.

Jioni, kabla jua halijazama, alikuwa anaoga kwa jirani na kwenda kumwona mkewe. Alijisugua kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikawaka, lakini harufu ile ilikuwa imeingia kwenye kucha, kwenye nywele, sijui wapi. Watoto wa shemeji walimsalimia wakasogea mbali. Walilelewa vizuri, hawakuziba pua. Alitamani wangeziba.

Mwalimu alikuwa amelazwa chumba cha watoto, ghorofa ya juu. Dirisha lilikuwepo, lakini lilitazama ukuta wa jengo la jirani, karibu mno, ukuta mtupu wenye bomba la mvua. Alikuwa ameanza kukohoa.

"Bomba limefika wapi?" aliuliza kila jioni, kama anayedai kazi ya nyumbani.

"Tumekaribia."

"Jana pia mlikaribia."

Jioni moja alimshika mumewe mkono kwa ule mkono wake mzima, akamvuta karibu. Timazi alijaribu kurudi nyuma kwa sababu ya harufu, lakini alishikwa sawasawa.

"Nipeleke nyumbani."

"Hakukaliki, Mwalimu. Sakafu hakuna. Choo hakuna. Kunanuka nyumba nzima."

"Hata kunanuka. Niweke sebuleni. Niweke popote."

Na ilikuwa inawezekana. Timazi alilijua hilo wakati ule ule anapofungua mdomo kukataa. Sebule ilikuwa nzima. Godoro lingetosha. Ndoo zingetosha, alishabeba ndoo nyingi maishani mwake. Lakini alimwona amelala katikati ya uvundo ule, yeye aliyekuwa anawaambia wageni wavue viatu, na aibu ikamshika. Alitaka kumrudisha kwenye chumba kilichokauka, chenye shuka safi, amwambie, umeona?

"Vumilia kidogo tu," alisema.

Mwalimu alimwachia mkono. Alifumba macho taratibu, kama alivyokuwa akiyafumba zamani darasani, pale mtoto aliyefundishwa mara nyingi anapokosea jibu lile lile.

Mvua ilipokoma Kobe alisema leo ndiyo leo. Walikuwa wamefukia pango kwa mawe, wanashindilia kokoto kwa kipande cha gogo, mmoja huku mwingine kule, na kishindo kilikuwa kinajaza chumba. Koti la Timazi lilikuwa limetundikwa kwenye msumari ukumbini, na simu ilikuwa ndani ya koti. Ililia. Ikalia tena. Walipopumzika kunywa maji, Timazi alikwenda kutazama saa kwenye simu akakuta shemeji amepiga mara nyingi mno.

Alipiga. Shemeji alipokea akiwa analia, akataja hospitali. Kifua cha Mwalimu kilikuwa kimebana ghafla, asubuhi.

Alikwenda alivyo, kwa mabuti ya mpira, tope hadi magotini. Kwenye gari alilolipata abiria walimwachia kiti na viti vya jirani yake. Langoni mlinzi alimtazama juu mpaka chini, akamwuliza anaenda wapi.

"Kwa mke wangu."

Mlinzi alimpisha. Ukumbini shemeji alikuwa amekaa kwenye benchi, kanga kifuani, begi la nguo za dadake miguuni. Alipomwona hakusimama. Alitikisa kichwa tu, mara moja, na Timazi akajua. Mwalimu alikuwa amekwisha kuondoka, wakati yeye anashindilia kokoto.

"Alisema nini?" aliuliza baadaye, walipokuwa wanasubiri.

"Hakusema kitu, shemeji. Pumzi ilikuwa haimtoshi."

"Hakuniulizia?"

Shemeji alilisogeza begi kwa mguu. "Aliuliza kama umeshakuja."

Msiba uliwekwa kwa shemeji, kwa kuwa nyumbani kwa Timazi hapakuwa na choo cha waombolezaji wala sakafu ya kukalia. Watu wa mtaa walilazimika kuvuka mji kuja kumlilia mtu aliyewafundisha kusoma, wakapanda ngazi zile nyembamba, wakajazana mpaka kwenye korido ya majirani wasiowajua. Timazi alikaa kwenye kiti kimoja akipewa mikono. Kila aliyempa pole alimwambia, "Mungu amempenda zaidi," naye aliitikia, "Ahsante," na moyoni hakumwamini hata mmoja.

Baada ya maziko hakutaka kurudi kwenye ule mtaro. Kobe alikwenda peke yake. Aliunganisha bomba la plastiki kipande kwa kipande, akalipima, akalifukia kwa mchanga, akajenga chemba mpya penye kona. Alipomaliza alikuja kumchukua.

"Njoo tulijaribu."

"Jaribu wewe."

"Nyumba ni yako. Njoo."

Timazi alikwenda. Kobe alisimama penye chemba ya mwisho, Timazi akamwaga ndoo bafuni. Maji yalizama yote kwa mkupuo, bila kuguguma. Alisikia sauti ya Kobe kutoka uani: "Yamepita! Mwaga nyingine!" Akamwaga nyingine. Yakapita. Akaendelea kumwaga, ndoo baada ya ndoo, hata Kobe alipoacha kupaza sauti, hata alipokuja akasimama mlangoni na kumwambia inatosha. Maji ya pipa yalipoisha ndipo alipokaa kwenye ukingo wa choo, ndoo mkononi, akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu hospitalini. Kobe aliuegemea mlango akamsubiri. Katika kusubiri hakuwa na mpinzani.

Sakafu ya chumba cha nyuma Timazi aliifunga mwenyewe, hakutaka msaada. Ukuta ulioinama aliujengea nguzo. Bomba halikuziba tena.

Yeye alikuwa analala sebuleni, kwenye kochi, miguu ikipita mwisho. Shemeji alikuja siku moja kumfanyia usafi. Akakuta kitanda bado kimefunguliwa vipande vipande, kimeegemezwa ukumbini, na godoro limesimamishwa nyuma ya mlango.

"Shemeji, nimwite mtu tukirudishe kitanda chumbani? Utavunjika mgongo hapo kwenye kochi."

"Bado," alisema Timazi. "Saruji haijakauka."

Shemeji alisukuma mlango wa chumba cha nyuma. Dirisha lilikuwa limefungwa. Sakafu ilikuwa nyeupe kwa kukauka, na juu yake palikuwa na vumbi jembamba lisilo na alama ya mguu. Aliuvuta mlango taratibu akaufunga, akaenda jikoni kuosha vyombo.